Siku Grasiana Alipovusha Farasi Ufyekoni

Katika shamba la ng'ombe la Bwana Yani, ng'ambo ya Mto Pangani ukitoka Korogwe kuelekea Handeni, masharti yalikuwa mengi, lakini moja halikuwa na mjadala: farasi havuki Ufyeko. Ng'ombe waliweza kuvushwa kwa ruhusa. Punda nao kwa ruhusa. Mtu alivuka akitaka. Farasi hakuvuka, kwa ruhusa wala bila ruhusa.

Ufyeko ulikuwa ukanda mpana wa ardhi iliyokatwa miti na vichaka vyote, ukilizunguka shamba upande wa kusini. Ng'ambo yake kulianza msitu wa miiba, na msituni mlikuwa na makao ya ndorobo, wale inzi wa kijivu ambao mbawa zao hulaliana mgongoni na ambao huuma hata kupitia nguo ya kaki. Ng'ombe akiumwa na ndorobo huugua, na wengine hupona. Farasi akiumwa hudhoofika siku baada ya siku mpaka anaanguka. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kumponya.

Ndorobo hapendi kuvuka peke yake mahali peupe pasipo kivuli. Anachopenda ni kubebwa. Hutua mgongoni mwa msafiri, hasa aliyevaa nguo nyeusi, akapelekwa bure hadi zizini. Kwa sababu hiyo, pale njia ya msituni ilipotokea kwenye Ufyeko palijengwa kibanda na lango, na langoni aliwekwa Mbaruku, Mzigua mtu mzima mwenye kanzu nyeupe, wavu wa kitambaa mkononi. Kila aliyeingia alisimama, akainua mikono, akageuka. Mizigo ilifunguliwa na kukung'utwa. Aliyevaa kaniki alikaguliwa mara mbili.

"Babu Mbaruku," mwanamke mmoja alimwambia siku moja, "mkeo anajua unavyotugeuzageuza wake za watu?"

"Anajua. Jioni nikirudi ananigeuza yeye. Inua mkono, mama, unanichelewesha."

Katika shamba hilo alikulia Grasiana, binti wa Valerian. Valerian alitoka Songea kama manamba, akakata mkonge miaka mitatu, kisha akahamia kwa Bwana Yani kwa sababu alikuwa na subira na wanyama, akawa mnyapara wa wachungaji. Bwana Yani alikuwa Mgiriki mwenye maneno machache. Alimnunulia binti yake farasi kutoka Arusha, jike la rangi ya shaba, na watu wakamwita Shaba. Mwaka uliofuata binti akapelekwa kusoma Ulaya, farasi akabaki zizini akinenepa na kupiga mateke mbao.

Mnyama wa namna ile asipotembezwa huharibika. Valerian alikuwa mzito, wachungaji walimwogopa farasi, na Bwana Yani mwenyewe alikuwa na goti bovu. Grasiana alikuwa mwembamba, na tangu utoto alikuwa amezoea kulala kwenye majani ya ndama. Akapewa kazi ya kumlisha, kumsugua, na kumpanda kila asubuhi ndani ya shamba. Alijifunza kwa kuanguka. Baada ya miezi michache aliweza kuwazunguka ng'ombe waliotawanyika na kuwarudisha pamoja kabla wachungaji hawajamaliza kupigiana mbinja.

Wanawake wa kambini hawakumwacha.

"Grasiana, na miguu hiyo iliyopanuka, mume atakupata wapi?"

"Atazaa watoto wenye kwato huyu."

Mama yake, Efrazia, alikuwa akipepeta mahindi mlangoni. Aliinua uso akasema, "Wakiwa na kwato watanipunguzia kununua viatu," akaendelea kupepeta. Yakaishia hapo.

Efrazia hakuwa mama wa maneno mengi wala wa kubembeleza, lakini kazi ya binti yake aliilinda. Valerian aliposema kwamba msichana amekua na sasa inafaa akae jikoni, Efrazia alimjibu kwamba jikoni panamtosha yeye mmoja. Grasiana alisikia akiwa nje na hatamu mkononi. Jambo hilo alilishukuru moyoni, ingawa hakulisema, kwa kuwa watoto wa siku zile hawakuwa na desturi ya kuwaambia wazazi mambo ya moyoni.

Masika ya mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla kwisha yalikuwa makubwa. Bwana Yani na Valerian walivusha ng'ombe wa kuchinjwa kuwapeleka Korogwe, na kabla hawajarudi mto ukapanda ukachukua daraja la magogo. Wao wakabaki ng'ambo ile. Shambani walibaki wachungaji, wanawake na watoto. Efrazia alikuwa mjamzito, siku zake zikikaribia.

Uchungu ulimshika usiku na kulipokucha alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kali. Mkunga alikuwa Bibi Mwatumu, mama wa Kizigua aliyewapokea watoto wengi wa kambi ile, Wakristo kwa Waislamu. Mtoto alikuwa salama, lakini kondo la nyuma halikutoka. Bibi Mwatumu alimweka mtoto kifuani anyonye, akasugua tumbo, akangoja, akasugua tena. Damu ilikuwa inatoka, si kwa kasi, lakini bila kukoma.

Grasiana alikuwa ameshika beseni. Bibi Mwatumu akamwangalia.

"Mjukuu wangu, mimi nimefika mwisho wangu. Huyu anataka mtu wa sindano."

"Baba yuko ng'ambo, bibi."

"Najua. Wewe uko huku."

"Bibi, nifanye nini?"

"Sijui utafanyaje. Najua tu kwamba kunisimamia hapa na beseni hakutamsaidia. Jua likianza kushuka hajapata mtu, usiniulize tena."

Hapa inafaa mkunga huyu apewe haki yake. Wako watu wengi ambao kazi ikiwashinda huendelea kushikashika ili wasionekane wameshindwa, na mgonjwa hufia mikononi mwa fahari yao. Bibi Mwatumu alisema imemshinda, akasema mapema.

Korogwe hakukufikika. Mtu wa sindano wa karibu alikuwa Simeo, dresa wa zahanati ya mashamba ya mkonge upande wa Kabuku, na njia ya kumfikia ilipita msituni. Kwa miguu, katika tope lile, mtu angefika mchana sana na kurudi usiku. Kwa farasi angeweza kwenda na kurudi kabla ya jua kushuka.

Grasiana alisimama zizini mbele ya Shaba. Sharti alilijua kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyelala kando ya farasi huyu alipoumwa tumbo, na yeye ndiye aliyewahi kumwona punda wa mchuuzi mmoja akifa kwa ndorobo nje ya lango, macho yakitokwa na machozi na tumbo limevimba chini. Hakujidanganya kwamba pengine Shaba angepona. Akavua shuka nyeupe ya kitandani mwake, akamfunika nayo mgongo na ubavu, kwa kuwa ndorobo huvutwa na rangi iliyokoza. Akaifunga kwa kamba chini ya tandiko.

Bernardo, mmoja wa wachungaji wa ng'ombe, alimkuta akikaza mshipi.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Kabuku."

"Una wazimu. Bwana atatufukuza sote."

"Wewe hatakufukuza. Hukujua."

"Nimejua sasa hivi, umeniambia."

"Basi akikuuliza mwambie ukweli. Mwambie ni mimi, na ulinikataza."

"Nakukataza," alisema Bernardo. Kisha akamshikia hatamu apande.

Langoni, Mbaruku aliwaona tangu mbali, akatoka kibandani na kusimama katikati ya njia. Grasiana alishuka, kwa sababu haikuwa adabu kumsalimu mzee ukiwa juu ya mnyama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Huyo farasi amepotea njia?"

"Mama amejifungua, babu. Kondo limebaki, damu haikatiki. Namfuata dresa."

Mbaruku alimtazama farasi, akaitazama shuka. "Shuka hiyo haitafunika miguu. Wala shingo."

"Najua."

"Wanapenda miguu."

"Najua, babu."

"Sikuruhusu," mzee alisema. "Nisikie vizuri. Bwana akiniuliza kama nilikuruhusu, nitasema hapana. Lakini mimi siwezi kumzuia mtoto anayemfuatia mama yake mganga. Utakaloulizwa utalijibu mwenyewe." Akakaa pembeni. Grasiana akapanda.

Msitu wa asubuhi baada ya mvua ulikuwa mzuri, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Jua lilitoka, majani yakatoa mvuke, na ndorobo wakaamka. Alimsikia wa kwanza kabla ya kumwona. Kisha wakaja kwa makundi. Alikata tawi lenye majani akawa anapiga kushoto na kulia, shingoni, miguuni, huku Shaba akitupa kichwa na kukimbia zaidi ya alivyoombwa. Mahali pengine njia ilikuwa imegeuka mto mdogo, na farasi aliingia mpaka kifuani. Mahali pengine mti ulikuwa umeanguka, wakazunguka kwenye miiba, na gauni lake likachanika toka begani mpaka kiunoni. Grasiana hakulia. Kila alipomwondoa ndorobo mmoja aliyekwisha kushiba damu, alisema, "Nisamehe," na alikuwa akimwambia farasi.

Simeo dresa alikuwa akifunga kidonda cha mkata mkonge. Alikuwa Msambaa wa Bumbuli, mfupi, mwenye suruali fupi zilizopigwa pasi hata siku ya mvua. Alimsikiliza Grasiana mpaka mwisho bila kumkatiza, akauliza maswali mawili, tangu lini na damu ya rangi gani, kisha akaanza kujaza mkoba.

"Lori la mkonge limezama tope tangu juzi," alisema. "Umekuja na nini?"

Alipotoka nje akasimama.

"Binti, mimi sijapanda hata punda."

"Utakaa nyuma yangu, Bwana dresa. Ushike kiuno changu."

"Watu wa Bumbuli tunakwenda kwa miguu yetu. Milima ile Mungu aliiweka ili watu wasijaribu mambo haya."

"Mama anakufa, Bwana dresa."

"Sikusema siendi. Nimesema sijapanda." Akapanda kwa kupitia kigogo cha kupasulia kuni, mkoba shingoni, huku wagonjwa waliosimama foleni wakimtakia safari njema kwa vicheko. Mmoja akamwuliza atamrithisha nani zile suruali. Simeo hakugeuka. Alikuwa amefumba macho.

Hakuyafumbua kwa muda mrefu, ila mkono mmoja aliutoa kiunoni mwa msichana, akachukua tawi, akawa anapiga ndorobo upande wake. Kurudi kulikuwa kwa polepole, kwa kuwa Shaba alikuwa amechoka na amebeba wawili. Walipoliona lango, jua lilikuwa limepita utosini lakini halijaanza kushuka sana.

Mbaruku alikuwa amesimama palepale. Akainua wavu.

"Shukeni. Farasi anabaki huko."

Simeo aliteremka kama gunia, akaanza kukimbia kuelekea langoni. Mzee akamzuia kwa mkono kifuani.

"Simama. Inua mikono."

"Mzee, kuna mtu anakufa kule ndani."

"Na nyuma yangu kuna ng'ombe wa watu, na maziwa ya watoto wa kambi nzima. Kadiri unavyobishana ndivyo unavyochelewa. Geuka."

Simeo alimgeukia Grasiana, kana kwamba yeye angesema neno. Grasiana alikuwa amekwisha kuinua mikono. Alisimama na gauni lililochanika, akageuka kama alivyogeuka siku zote. Mbaruku alimwondoa ndorobo mmoja kwenye nywele na mwingine ndani ya mkunjo wa gauni. Kwa Simeo alipata watatu, wawili wakiwa mkobani. Alipomaliza, alisema, "Nendeni," na sauti yake haikuwa na ukali wowote.

Wasomaji wengine watasema mzee yule alikuwa na moyo mgumu. Wafikiri tena. Msichana alikuwa amevunja sharti lililolinda mali ya mtu mmoja, akijua atalipa. Sharti la langoni lililinda chakula cha kila nyumba, na hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kulivunja kwa niaba ya watu wote. Grasiana alilielewa hilo bila kufundishwa, ndiyo maana aliinua mikono.

Walikimbia kutoka langoni hadi kambini. Bibi Mwatumu aliwapokea mlangoni, akasema neno moja tu: "Yupo." Simeo akanawa, akachoma sindano, akaomba watu watoke isipokuwa mkunga. Grasiana alikaa nje ukutani na mtoto mchanga mapajani, akisikiliza. Alisikia maji yakimwagwa. Alisikia mama yake akiguna, na akamshukuru Mungu kwa mguno ule, maana maiti haigunii kitu. Baada ya muda Bibi Mwatumu alitoka na beseni lililofunikwa, akaketi karibu naye chini kwa uzito.

"Limetoka. Damu imekatika. Yule mtu mfupi ana mikono." Kisha akaongeza, "Nenda ukamwangalie mnyama wako."

Shaba hakuingizwa tena shambani. Damu yake ilikuwa imechafuka, na inzi wa kawaida wa zizini wangeweza kuipeleka kwa wengine. Bernardo na wachungaji walimjengea boma dogo ng'ambo ya Ufyeko, karibu na kibanda cha Mbaruku, wakawa wanawasha samadi ili moshi ufukuze inzi. Hakuna aliyewaamuru.

Maji yalipopungua Bwana Yani na Valerian walivuka. Habari iliwafikia mtoni. Valerian aliingia kwake, akamwona mkewe ameegemea ukuta, amepauka lakini yu hai, na mtoto ananyonya. Alitoka nje akamkuta Bwana Yani amesimama na Grasiana.

"Ulijua farasi atakufa?" Bwana Yani aliuliza.

"Nilijua, Bwana."

"Nani alikuambia uende?"

"Hakuna. Babu Mbaruku hakuniruhusu. Bernardo alinikataza."

Bernardo, aliyekuwa karibu, aliangalia chini.

"Mama yako anakula?" Bwana Yani aliuliza.

"Anakunywa uji, Bwana."

"Apewe maziwa ya ng'ombe mweupe. Ni mazito." Akaanza kwenda, akasimama. "Zizi la farasi usiingie tena. Wala ng'ombe wangu usiwashike. Nitaweka mtu mwingine. Sharti ni sharti." Valerian akataka kusema kitu. Grasiana akamgusa mkono.

"Nimesikia, Bwana. Asante."

Hakusema asante kwa woga. Bwana Yani angeweza kumfukuza baba yake kambini na watoto wote, na hakuna ambaye angemlaumu. Alitoa adhabu iliyomhusu Grasiana peke yake, na msichana aliona imepimwa vizuri.

Kumhudumia Shaba hakukatazwa, kwa kuwa Shaba hakuwa tena zizini. Kila siku Grasiana alikwenda na majani mabichi mpaka bomani, na akirudi aliinua mikono mbele ya Mbaruku. Farasi alikonda, mifupa ya nyonga ikasimama, tumbo likavimba chini, macho yakatoa machozi. Bwana Yani naye alikuja, jioni, akichechemea, na chumvi katika kiganja. Msichana alishika kichwa, yeye akalambisha chumvi. Shaba alikufa kabla mahindi ya masika hayajavunwa.

Grasiana alipokua aliolewa Makuyuni, na baadaye wakahamia Kwamndolwa. Alilima, akauza vitumbua, akawalea watoto wake, ambao walizaliwa na miguu ya kawaida. Kila alipopata mtoto alimpelekea habari Simeo dresa, popote alipohamishiwa, naye Simeo alirudisha salamu na kuuliza kama bado anateka watu nyara kwa farasi. Kwa Mbaruku alipeleka kanzu mpya kila Idi mpaka mzee alipofariki, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kufunga Kwaresima bila kukosa siku. Bibi Mwatumu alihamia kwake uzeeni, akafia mikononi mwake. Bwana Yani alipouza shamba na kuondoka, Grasiana alivuka mto kwenda kumuaga, akampelekea kuku wawili, na Mgiriki yule aliwapokea kwa mikono miwili kama wafanyavyo watu wa hapa.

Mtoto wa siku ile aliitwa Bernadina. Mama yao, Efrazia, aliishi miaka mingi, akamwona Bernadina akiolewa, akawashika wajukuu. Siku moja, tayari akiwa bibi, alimwuliza Grasiana kama anajutia.

"Sijutii, mama. Lakini sisemi nilifanya haki."

"Basi ulifanya nini?"

"Nilichukua kitu cha mtu nikakulipia. Mwenyewe akanisamehe, kwa sehemu kubwa. Nashukuru. Sina neno zaidi."

Efrazia akacheka kidogo, akaendelea kuchambua mboga.

Maisha ya Efrazia yaligharimu farasi mmoja mzima wa afya, aliyekufa kwa mateso ya wiki nyingi bila kosa lake. Yalimgharimu Grasiana kazi pekee aliyoipenda tangu utoto: hakupanda farasi tena, wala hakuchunga ng'ombe tena, mpaka mwisho wa siku zake.